Flashi ya Bei Nafuu: Tazama Shingo Kwanza



Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja, mtoto wa jirani yetu, ana bahasha mkononi na uso umemshuka. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu, kwema?" Hakujibu kama ni kwema au sivyo. Aliketi, akamwaga mezani picha thelathini na kitu alizopiga katika arusi moja Jumamosi iliyotangulia.

Zile za mchana, mlangoni pa kanisa, zilikuwa safi. Za usiku, ndani ya ukumbi, zilikuwa masikitiko matupu. Bibi arusi alikuwa gauni jeupe lisilo na uso. Bwana arusi alikuwa shati na meno. Ukutani nyuma yao vilisimama vivuli viwili vyeusi, kana kwamba kuna watu wengine wanawavizia. Na nyuma kabisa, walikokaa wazee, ni giza tu. Mwenye arusi alimlipa nusu ya fedha, na hiyo nusu ni kwa kumhurumia.

"Fedha si kitu, baba," akaniambia. "Lakini nyanya yake bwana arusi alikaa meza ya nyuma. Alisafiri siku mbili kuja. Hayumo katika picha hata moja."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu juma hili. Fedha hupatikana tena, bali arusi haifungwi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.

Kijana alikuwa ametumia ile flashi ndogo iliyomo ndani ya kamera yenyewe, ile ichomozayo juu kama jicho la konokono. Sasa alitaka kununua flashi ya nje, ile inayopachikwa juu ya kamera. Dukani alionyeshwa tano, za bei mbalimbali, na muuzaji alizisifu zote tano. Mfukoni alikuwa na fedha za kununua moja tu, tena ya bei ya chini. Je, achague ipi?

Najua hayuko peke yake. Siku hizi kila mtaa una kijana mwenye kamera ambaye Jumamosi huitwa arusini, Jumapili huitwa kwenye ubatizo, na katikati ya juma huitwa msibani. Basi yale niliyomwambia yeye nawaandikia na ninyi.

Kwanza tuelewe kwa nini yule nyanya alipotea. Wengi watasema: flashi ilikuwa dhaifu. Ni kweli ilikuwa dhaifu, lakini hiyo siyo sababu yote. Mwanga utokao kwenye kitu kidogo hutawanyika kadiri uendavyo mbali. Mtu aliye mita 2 akipata mwanga wa kumtosha, aliye mita 4 hupata robo yake tu, si nusu. Aliye mita 6 hupata sehemu moja ya tisa. Na aliye mita 8, kama yule nyanya, hupata sehemu moja ya kumi na sita. Hapo nasikia mmoja wenu anasema, "Basi anunue yenye nguvu mara kumi na sita!" Haya, anunue. Nyanya ataonekana vizuri sana, na bibi arusi aliye mbele atakuwa mweupe kama chokaa, pua haionekani. Nguvu peke yake haiponyi ugonjwa huu.

Dawa yake ni kuugeuza mwanga. Flashi ikitazama juu, ikapiga dari jeupe, dari lote la pale huwa taa kubwa, nao mwanga huteremka kama wa mchana wa mawingu. Sasa aliye mbele na aliye nyuma hawatofautiani sana kwa umbali, maana wote wanaangaziwa kutoka juu. Vivuli vya ukutani hutoweka. Jasho la usoni halimetimeti. Hata yale macho mekundu kama ya paka hayatokei, kwa kuwa yale husababishwa na mwanga unaoingia jichoni karibu kabisa na mstari wa lenzi, ukaipiga damu iliyo nyuma ya jicho na kurudi ulikotoka.

Kwa hiyo, mwanangu, nikamwambia, jambo la kwanza la kutazama dukani ni shingo. Chukua flashi mkononi, jaribu kuinua kichwa chake juu. Kisha jaribu kukizungusha kushoto na kulia. Kichwa kisichoinuka, kirudishe kabatini hata kama bei yake ni ya kutupa. Kinachoinuka bila kuzunguka chaweza kusaidia, lakini siku utakapoisimamisha kamera wima ili upige mtu mmoja mzimamzima, flashi italala ubavu na kutazama ukuta badala ya dari. Kinachoinuka na kuzunguka ndicho unachokitaka. Hapo ongeza fedha hata kama ni za nauli.

Nayajua haya kwa kuungua. Flashi yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya nambari kubwa iliyoandikwa juu ya sanduku lake. Kichwa chake kilikuwa kimeganda kama cha sanamu. Nilikwenda nayo kwenye arusi ya binti wa ndugu yangu, nikawapiga watu wote usoni kama askari mwenye tochi. Picha zile bado zipo, na kila nikienda kwao huletwa mezani pamoja na chai.

Sasa, hizo nambari kubwa. Kila flashi ina nambari yake ya nguvu, nayo ina maana nzuri tu kwa ajuaye kuisoma. Chukua nambari hiyo, uigawanye kwa nambari ya tundu la lenzi, utapata ni mita ngapi mwanga utafika sawasawa. Flashi ya 28, tundu likiwa f/4, hufika mita 7. Hiyo ni kwa ISO 100. Ukiipandisha ISO hadi 400, umbali huwa mara mbili, yaani mita 14. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne.

Lakini kuna ujanja. Flashi nyingi za leo zina kichwa kinachoweza kuukusanya mwanga uwe mwembamba, kama mtu anavyoibana tochi iangaze mbali. Mwanga ukibanwa, nambari hupanda, ijapokuwa nguvu iliyo ndani ni ile ile. Canon waliitengeneza flashi yao ya 580EX yenye nambari 58, iliyopimwa kichwa kikiwa kimebanwa kwa lenzi ya milimita 105. Baadaye ikaja 600EX yenye nambari 60, lakini hiyo imepimwa kwenye milimita 200. Nikon nao waliipima SB-600 yao kwenye milimita 35, wakaandika 30. Mtu asiyejua ataziona 30 na 60, ataidharau ya kwanza akidhani ni nusu ya ya pili. Siyo hivyo, hazikupimwa kwa kibaba kimoja. Na ukiugeuzia dari mwanga wako, kule kubana hakukufai kitu. Basi ukisoma nambari, uliza pia: imepimwa kwenye milimita ngapi? Muuzaji asipojua, soma kitabu chake. Flashi yenye 28 au 30 kwenye milimita 35 yatosha kwa ukumbi wa kawaida.

Jambo la pili ndilo linalowapotezea watu fedha kabisa, nalo ni kiti. Juu ya kamera kuna kiti cha chuma ambamo mguu wa flashi huingia. Katikati yake pana nukta moja ya chuma: hiyo ndiyo iiambiayo flashi "waka!" Nukta nyingine ndogo zilizo pembeni ni za mazungumzo ya siri baina ya kamera na flashi za kampuni yake. Flashi za bei nafuu mara nyingi hutegemea ile ya katikati tu. Sasa sikiliza vizuri: zipo kamera ambazo hazina nukta hiyo ya katikati! Canon EOS 4000D ya mwaka 2018 na EOS 250D ya mwaka 2019 ni za namna hiyo, nazo ni kamera za watu wa kipato kidogo, wale wale watafutao flashi rahisi. Ukiipachika flashi ya nukta moja juu yake, itakaa kimya kama jiwe. Flashi haina ubovu wala kamera haina ubovu, hazisikilizani tu. Mwenye kamera kama hizo itampasa anunue flashi iliyotengenezwa kwa mazungumzo ya Canon, ambayo ni ghali zaidi.

Wenye kamera za Minolta, na za Sony zilizofuata nyayo zake, nao wajihadhari. Kuanzia 1988 Minolta walikuwa na kiti cha umbo lao wenyewe, Sony wakakirithi, hata mwaka 2012 ndipo Sony walipoanza kurudi kwenye umbo la kawaida. Kamera zile za zamani bado zinauzwa mikononi mwa watu. Kwa hiyo usiende dukani na maelezo. Nenda na kamera yako shingoni.

Je, tununue ile ijipimayo yenyewe au ile ya kupima kwa mkono? Hapa wapiga picha hugombana. Ijipimayo huandikwa TTL. Hutoa mwanga mdogo kwanza, kamera huupima kupitia lenzi, kisha hutoa mwanga wenyewe kwa kipimo, yote kabla hujapepesa jicho. Ni nzuri kwa mtu akimbizaye watoto au waandamanaji, maana umbali hubadilika kila dakika. Lakini ni ghali, tena ya Canon haijipimi juu ya Nikon, wala ya Nikon juu ya Sony.

Nayo haina akili kama wasemavyo. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu. Bibi arusi akijaa kwenye picha na gauni lake jeupe, kamera hustuka: "Mwanga umezidi!" Huupunguza, na uso wake ambao ni mweusi kama wa mama yake unazidi kuwa mweusi mpaka unapotea. Ndivyo ilivyomtokea kijana wetu. Mwenye TTL aweza kuirekebisha kwa kuiambia kamera iongeze mwanga wa flashi kidogo, lakini bwana arusi akija mbele na suti nyeusi itambidi apunguze tena. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaovaa meupe kanisani tunaipa kamera shida ambayo watengenezaji wengi hawakuifikiria sana.

Ya mkono haidanganywi na gauni. Wewe unaiambia itoe nguvu yote, au nusu, au robo, au sehemu ya kumi na sita, nayo inatoa hiyo hiyo, aje mwenye gauni aje mwenye suti. Shukrani kwa kamera za siku hizi unaona picha papo hapo, na kama si sawa unabadili. Mifano ya flashi za mkono za bei nafuu ni Yongnuo YN560 IV na Godox TT600. Zote mbili zina kichwa kiinukacho na kuzunguka, zote hutumia betri nne za kawaida, na ndani yake kuna redio ya kuziwasha zikiwa mbali na kamera, jambo ambalo litakufaa baadaye ukizoea kazi. Kwa Sony kuna ya peke yake, TT600S. Sisemi kwamba hizo ndizo bora kuliko zote; nasema ndizo nilizowaona watu wengi wakifanyia kazi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya zile kubwa za kampuni za kamera.

Kijana akauliza, "Nitajuaje nianze na nguvu gani?" Nikamwandikia nyuma ya bahasha yake. Tuseme flashi yako ni ya 28, ISO 400, tundu f/5.6, flashi inamtazama mtu moja kwa moja. Akiwa mita 2 na nusu, weka sehemu ya kumi na sita. Akiwa mita 5, weka robo. Akiwa mita 10, nguvu yote. Mnaona? Umbali ukizidi mara mbili, nguvu yazidi mara nne. Ni ile ile sheria iliyomficha nyanya. Ukielekeza juu kwenye dari jeupe la nyumba ya kawaida, mwanga husafiri njia ndefu, na dari lenyewe hula wake. Basi zidisha nguvu mara nne kama mwanzo, kisha tazama picha na urekebishe. Kasi ya kamera usiipitishe 1/200, kwa maana ukizidisha mno, pazia la ndani ya kamera litakuwa limefunika nusu ya picha wakati flashi inawaka, nawe utapata ukanda mweusi upande mmoja. Nimeona watu wakizirudisha flashi dukani kwa ukanda huo, kumbe kosa ni lao.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu vitabu vya flashi vimeandikwa na watu wenye madari meupe. Sisi tunapiga picha wapi? Katika ukumbi wa mabati yasiyo na dari, yaliyo juu sana na yenye kutu: mwanga ukienda huko haurudi. Chini ya makuti: ni vivyo hivyo. Katika nyumba za zamani za pwani zenye boriti nyeusi: huliwa wote. Chini ya turubai la buluu: huko ndiko balaa, kwa sababu mwanga huchukua rangi ya kile unachokipiga, na maarusi hutokea kama watu waliotapika usiku kucha. Ukuta wa kijani hutoa nyuso za kijani. Hema jeupe, kinyume chake, ni zawadi. Elekeza juu na ufurahi.

Palipo na dari baya tafuta ukuta mweupe, hata ulio nyuma yako. Geuza kichwa cha flashi kitazame nyuma juu ya bega lako, ukuta uwe taa yako. Watu watakucheka: "Mpiga picha huyu anampiga nani?" Waache wacheke. Na pasipo dari wala ukuta? Hapo chukua kipande cha karatasi ngumu nyeupe, ile ya manila, upana wa kiganja, ukifunge nyuma ya kichwa cha flashi kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Inua kichwa juu. Karatasi itautupa sehemu ya mwanga mbele. Mwanga wake si laini kama wa dari, lakini hutoka juu kidogo na mbali na lenzi, na uso hupona. Dukani kuna vifuniko vya plastiki vyeupe vyenye sifa nyingi. Ukumbini pasipo dari kifuniko hicho hutupa mwanga mwingi pande zote ambako hakuna mtu, na betri zako zinakwisha. Mimi nashika manila yangu.

Watu wale wa meza ya nyuma, kama dari ni la kutu na ukumbi ni mrefu, usijaribu kuwapata ukiwa mbele. Ondoka ulipo, uwaendee. Hakuna flashi inayoshinda miguu miwili.

Na mchana je? Wengi hawajui kwamba flashi ina kazi hata juani. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya watu huwa mashimo meusi, na mwenye kofia hana uso kabisa. Mwanga kidogo wa flashi huyajaza mashimo hayo. Lakini fanya hesabu: juani, kwa 1/200 na ISO 100, tundu huwa karibu f/11. Flashi ya 28 ukiigawanya kwa 11 hupata mita 2 na nusu tu, tena kwa nguvu yote. Basi wasogelee watu, au wapeleke chini ya mwembe.

Sasa tahadhari mbili kubwa. Ya kwanza ni juu ya flashi za zamani, za enzi ya filamu, zinazouzwa mitumbani kwa bei ya sahani ya wali. Nyingine ni nzima kabisa. Lakini baadhi yao hupitisha zaidi ya volti 200 katika ile nukta ya katikati wakati wa kuwaka. Kamera za filamu zenye swichi ya chuma hazikujali. Kamera za dijitali ni mambo mengine. Nyingine zimetengenezwa kuvumilia volti chache sana, na mtu aweza kuiua kamera ya malaki kwa flashi ya maelfu. Kabla hujaipachika, mpelekee fundi wa redio mwenye mita, iwashe flashi, apime baina ya nukta ya katikati ya mguu na chuma cha pembeni. Ikisoma chini ya volti 6 huna hofu. Ikizidi hapo, soma kitabu cha kamera yako kinaruhusu ngapi. Ikisoma mamia, mwachie mwenye kamera ya filamu.

Ya pili: usiifungue flashi mwenyewe, hata betri zikiwa zimetoka. Ndani yake kuna kapasita iliyokusanya umeme wa karibu volti 300, nao hukaa humo muda mrefu. Humrusha mtu mzima ukutani. Watoto wasipewe flashi mbovu kuchezea.

Hata hivyo tuna nafuu kuliko waliotutangulia. Mwaka 1887 huko Ujerumani ulitokea unga wa magnesiamu wa kupigia picha: ulilipuka kama baruti, ukajaza moshi chumbani, na wengine uliwaunguza. Kisha, karibu na mwaka 1930, zikaja glopu za flashi, kila picha moja glopu moja, ikiungua hutupwa. Ni bwana Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliyeshughulika sana na taa za umeme za kumulika mara elfu na elfu bila kuungua, kuanzia miaka ya 1930. Flashi yako ya leo ni ya ukoo huo.

Nimebakiza betri. Hapa ndipo ninapowagombeza vijana. Mtu hununua flashi, kisha huweka ndani yake betri za tochi za senti, halafu analalamika kwamba flashi inachelewa. Bibi arusi anakata keki, flashi inapiga mluzi tu "wiiii" bila kuwaka. Betri zile haziwezi kutoa umeme kwa haraka. Nunua zinazochajiwa, za NiMH, ingawa zimeandikwa volti 1.2 na si 1.5, usiogope, kwa kazi hii zinatoa umeme kwa haraka kuliko za 1.5. Nunua nane: nne ndani, nne mfukoni, pamoja na chaja. Nne zikijaa hutoa mimweko mia na kitu, pengine mia mbili, ya nguvu yote. Kwa robo ya nguvu utapata nyingi zaidi ya hizo. Kama fedha zako ni kumi, tenga mbili au tatu za betri kabla hujaangalia flashi. Tena usipige nguvu yote mfululizo kama bunduki. Kichwa hupata moto, plastiki ya mbele hubabuka, na zile nzuri hujizima zenyewe kwa kujihurumia.

Dukani, kabla ya kulipa, fanya hivi. Weka betri zako mwenyewe zilizojaa. Pachika flashi kwenye kamera, iingie bila kulegea. Piga kumi kwa nguvu yote, ukihesabu polepole baina ya moja na nyingine. Taa ya "tayari" irudi katika sekunde tatu au nne. Zungusha shingo kila upande huku ikiwaka, uone kama inakatika. Fungua kifuniko cha betri: ukiona unga wa kijani au mweupe, mwenyewe wa kwanza alizisahau humo zikavuja. Kama ni ya mkononi na imelala kabatini miaka, ya kwanza kabisa itachelewa kujaa. Hilo si neno, mradi zinazofuata ziende haraka.

Kijana alirudi dukani na kamera shingoni, na betri nane mfukoni nilizomkopesha. Zile tano alizijaribu zote. Mbili zilianguka kwa shingo. Moja ilikataa kuwaka juu ya kamera yake. Moja ilikuwa bei ya juu. Akachukua iliyobaki, ya mkono, isiyo na sifa kubwa juu ya sanduku.

Tena ikawa nyanya yule hajarudi kwao. Alikuwa bado yuko kwa mwanawe, akingoja mvua zipungue barabarani. Kijana alikwenda Jumapili alasiri, akaomba ruhusa kwa wenyeji. Sebule ina dari jeupe la mbao. Akamweka nyanya katikati, maarusi kushoto na kulia, wajukuu chini mkekani, kichwa cha flashi kikitazama juu, ISO 400, f/5.6, nguvu nusu. Picha ya kwanza ilikuwa nyeusi kidogo, akaongeza. Ya pili ameniletea jana. Nyanya amevaa kitenge chake kipya, na hata mshono wa pindo unaonekana.